Stesheni mpya inakuja. Ule uwanja wa mbele ya lango utakuwa chini ya nani?

Nyarnam (Kisumu) anauliza:

Hamjambo nyote. Mimi ni katibu wa kikundi cha wauzaji hapa Kisumu. Wengi wetu ni akina mama: uji, mandazi, omena ya kukaanga, ndizi mbivu, viatu vya mitumba, kadi za simu. Tunauzia kwenye kile kipande cha kati ya lami na mtaro, pale matatu zinaposhusha watu wa asubuhi. Sitataja jina la mahali kwa sababu maneno bado ni mengi.

Wapima ardhi walikuja na ile mashine yao ya miguu mitatu, wakapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu. Tulipowauliza walisema tu kwamba hapa patakuwa na stesheni, na mbele ya lango patawekwa uwanja wa kabro wa matatu, tuktuk na boda. Kigingi kimoja kiko hatua chache kutoka jiko langu. Asubuhi wateja hutundika mifuko yao juu yake wakinywa uji.

Sipingi stesheni, na naomba nisijibiwe kana kwamba napinga. Mji huu uliletwa na reli. Ilipofika ufukweni Desemba 1901, hapa paliitwa Port Florence. Treni ya abiria ya kutoka Nairobi iliporejea Desemba 2021, baada ya njia ya zamani kukarabatiwa, nilifurahi kama mkazi na kama mfanyabiashara. Reli ya kisasa nayo ilifika Naivasha 2019 na mpango ni iendelee hadi kwetu, kisha Malaba. Ije.

Kinachonikosesha usingizi ni ule uwanja. Nieleze kwa jambo moja tu. Hapa tulipo kuna mlingoti wa mulika mwizi. Taa zake zilizimika mvua za masika zilipoanza. Tukaenda afisi moja, tukaambiwa mlingoti umesimama kwenye hifadhi ya barabara, kwa hivyo tuwaone watu wa barabara. Watu wa barabara wakatoa ramani, wakaweka kidole, wakasema hapana, huo upande ni ardhi ya reli. Kule kwingine tukaambiwa taa ni za serikali ya kaunti popote zilipo. Kila mmoja alizungumza nasi kwa heshima na kila mmoja alikuwa na karatasi yake. Taa hazijawaka. Jirani yangu anayeuza ndizi ameporwa mkoba na mauzo ya siku nzima, saa moja ya jioni, chini ya mlingoti wenyewe.

Lakini ushuru wa kila siku unakusanywa bila kukosa, na risiti tunapewa. Kwenye kupokea hakuna anayeuliza mpaka uko wapi.

Sasa ikiwa kipande cha mita chache kinatushinda hivi, uwanja mzima utakuwaje? Nani atafagia? Nani atafungua choo na kukikarabati? Nani ataamua boda wasimame wapi na muuza uji akae wapi? Nani mwenye haki ya kutuambia tuondoke, na kwa ilani ya muda gani? Na je, sisi tunaweza kuingia kwenye mazungumzo kabla zege halijamwagwa, au tungoje tuone? Naomba majibu ya watu wanaojua, hasa wenye uzoefu wa mipango ya miji.

---

Mchora Ramani (Nakuru) anajibu:

Dada Nyarnam, pole kwa jirani yako. Mimi nilisomea mipango ya miji na nimefanya kazi na manispaa, kwa hivyo nitakueleza nilivyoona mambo yakienda.

Zile afisi hazikukudanganya. Kila moja ilisema kweli kuhusu kipande chake. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaweka reli na barabara kuu za kitaifa kwa serikali kuu. Barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, usafiri wa umma wa barabarani, masoko na leseni za biashara ni kazi ya kaunti. Hapo Kisumu kuna pia bodi ya jiji chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Kwa hivyo abiria akishuka kwenye treni, akapita lango, akavuka kabro hadi kwenye matatu, kwa mwendo wa dakika mbili ameshapita mikononi mwa mamlaka tatu au nne. Yeye haoni mpaka wowote. Wewe unayeuzia hapo ndiye unaouona, kwa sababu ndipo unapokwamia.

Tatizo hili haliko Kenya peke yake. Kule Paris wanajenga Grand Paris Express, kilomita karibu 200 za reli na stesheni 68. Kampuni ya umma iliyoundwa 2010 ndiyo inayojenga njia na stesheni, lakini uwanja wa nje unagusa mji husika, mamlaka ya usafiri na wenye barabara. Walichofanya ni kuunda kamati kwa kila stesheni, serikali za mitaa zikiongoza, ikae na kukubaliana kuhusu mabasi, baiskeli, waendao kwa miguu na gharama. Tena kamati ilianza kukaa mapema, jengo likiwa bado kwenye karatasi. Sikwambii tuige Paris. Nataka uone kwamba hata penye pesa nyingi, uwanja haukujipanga wenyewe.

Kwetu njia ya kisheria ipo. Kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu ngazi moja ya serikali kuikabidhi nyingine kazi fulani kwa makubaliano. Tuliona Nairobi, Februari 2020, kaunti ilipokabidhi serikali kuu afya, uchukuzi, kazi za umma na mipango. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu yaliyofuata, na mimi ninayo, lakini ikiwa makubaliano yanaweza kutiwa sahihi kwa jiji zima, hayawezi kushindikana kwa uwanja mmoja wa stesheni. Shirika lenye ardhi libaki na ardhi yake, na kaunti au bodi ya jiji ipewe kwa maandishi kazi ya kuuendesha uwanja. Mnachohitaji kupigania ni mlango mmoja wa kubisha.

Kuhusu kuondolewa: Sheria ya Ardhi ilivyorekebishwa 2016, kifungu cha 152C, inasema kuondoa watu kwenye ardhi ya umma kunahitaji ilani ya angalau miezi mitatu kutoka Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Itolewe kwa maandishi, kwenye Gazeti Rasmi na gazeti la nchi nzima, na redioni pia, kwa lugha ya wenyeji inapofaa. Rangi nyekundu kwenye kigingi si ilani.

---

Mwenyekiti wa Steji (Nakuru) anajibu:

Mama katibu, salamu kutoka kwa watu wa boda. Nitasema upande mwingine na usinichukie.

Hizo kamati ni sawa, lakini wanaoandika mambo haya huwa hawajawahi kusimama stejini saa kumi na mbili asubuhi. Gari la moshi likishusha watu, wanatoka mia kadhaa kwa pigo moja, tofauti na matatu ya watu kumi na wanne. Wote wanataka kupita mlango mmoja. Hapo ndipo muuza mitumba ametandika gunia, mwenye tuktuk ameingiza gurudumu, kijana wangu wa boda amepanda juu ya kabro ili amfikie mteja wa kwanza. Mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani hana pa kuweka mguu. Nimeona mtu akisukumwa mtaroni.

Kwa hivyo kwangu mimi swali la kwanza ni njia ya miguu. Ichorwe kwanza, upana wake ujulikane, na isiguswe na mtu yeyote, awe boda, awe muuzaji, awe gari la mheshimiwa. Kikibaki kipande ndipo tugawane.

La pili, ambalo hamlisemi: nafasi zinauzwa, na wanaouza wengi si maafisa. Ni sisi wenyewe. Mwenyekiti wa kikundi fulani anajua mradi unakuja, anaandikisha majina ya shangazi na wajomba, soko likifunguliwa ana vibanda vitano na hauzi hata kiberiti, anakodisha. Boda pia tuko hivyo, kijana mgeni akija steji anatozwa kiingilio ambacho hakina risiti. Kama makubaliano yenu hayatagusa hilo, mtakuwa mmempa mtu mmoja funguo za uwanja.

Na jambo dogo: kivuli. Mimi nilipanda treni ya Mombasa ilipoanza 2017, nikashuka Miritini jua likiwa utosini. Jengo la kupendeza, lakini mjini bado ni mbali na unatafuta matatu huku umebeba begi. Waliopanga walifikiria safari imeishia kwenye lango. Kwa abiria safari inaishia nyumbani kwake.

---

Nyarnam anajibu:

Asante sana Mchora Ramani, na hicho kifungu cha ilani nimekinakili kwenye daftari la kikundi.

Mwenyekiti, sikuchukii hata kidogo. Umesema kweli yenye uchungu, na kwetu ipo. Tangu vigingi vipigwe, watu ambao sijawahi kuwaona wakiuza wameanza kuja na meza tupu, wanaziacha hapo usiku kucha zikiwa zimefungwa kwa mnyororo. Meza haina bidhaa, haina mtu. Ni ya kushika nafasi. Juzi nimeulizwa bei ya kona yangu.

Ndiyo maana nataka orodha ifanywe sasa, mchana, watu wakiwa kwenye kazi zao, na isomwe kwa sauti mbele ya wote. Mimi nawajua wanaouza kabla jua halijachomoza na nawajua wanaokuja jioni pekee. Anayeuza mahindi ya kuchoma kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku hawezi kuonekana na karani anayekuja saa nne asubuhi. Ataachwa nje ya hesabu ingawa amekuwa hapo miaka mingi kuliko mimi.

Na njia ya miguu nakubali. Wateja wangu ndio hao hao wanaosukumwa.

---

Msafiri wa Kusini anajibu:

Wapendwa, mimi ni mtu wa Kakamega lakini nimeishi Durban, Afrika Kusini, na kuna mahali kule ningependa dada Nyarnam apajue: Warwick Junction.

Ni makutano ya stesheni ya reli ya Berea, mabasi na steji za taksi, yaani matatu zao. Hupitiwa na watu laki nne na zaidi kwa siku, na wauzaji ni maelfu. Wakati wa ubaguzi wa rangi wachuuzi walifukuzwa na kunyang'anywa mali. Katikati ya miaka ya 1990, jiji likabadili mwendo. Badala ya kila idara kuja kivyake, huyu na ufagio, huyu na pingu, huyu na kitabu cha faini, walianzisha mradi mmoja wa eneo lile, na wafanyakazi wa idara mbalimbali wakakaa pamoja na wauzaji kupanga. Hebu niwaambie kilichonigusa mimi.

Kuna akina mama wanaopika vichwa vya ng'ombe. Ni chakula kinachopendwa, lakini mafuta na maji machafu yalikuwa yakimwagwa barabarani na kuziba mitaro. Rahisi ingekuwa kupiga marufuku. Badala yake jiji lilikaa nao, likatazama wanavyochemsha, wanavyokata, maji yanakwenda wapi, kisha vikatengenezwa vibanda vinavyofaa kazi hiyo. Na wauza dawa za mitishamba waliokuwa wakilala kwenye baraza za barabara walipewa soko juu ya daraja la barabara kuu ambalo ujenzi wake uliachwa bila kukamilika. Daraja lile lisilokwenda popote likaunganishwa na stesheni, na sasa abiria wanapita juu yake kwa miguu, mbali na magari, wakinunua mizizi na magome njiani.

Lakini msidhani ukishapata umepata. Mwaka 2009, kabla ya Kombe la Dunia, jiji lile lile lilitaka kubomoa Soko la Alfajiri, ambalo lipo tangu 1910, lijengwe duka kubwa la kisasa. Wafanyabiashara waliandamana, wakapata mawakili, wakaenda kortini. Duka halikujengwa. Soko lipo. Waliweza kwa sababu walikuwa na vyama, kumbukumbu na watu waliokuwa wamezoea kuwatetea. Wangeanza kujikusanya siku tingatinga linafika, wasingeweza.

Pia angalieni India. Sheria yao ya wachuuzi ya 2014 inasema kila mji uwe na kamati ya uchuuzi ambamo wachuuzi wenyewe wasipungue asilimia 40, wachaguliwe na wenzao, na theluthi ya wawakilishi hao wawe wanawake. Na hakuna kumwondoa mchuuzi kabla sensa haijakamilika na vyeti kutolewa. Utekelezaji una kasoro zake huku na huku, lakini lile wazo la sensa kwanza ndilo Nyarnam analolisema bila kufundishwa na mtu.

---

Mchora Ramani anajibu tena:

Nimefurahi Warwick imetajwa, kwa sababu inanirahisishia nililotaka kuongeza.

Nyarnam, msiombe "kushirikishwa". Neno hilo litawapatia kikao kimoja ukumbini, soda, karatasi ya kusaini mahudhurio, basi. Ombeni vitu vyenye jina. Kwanza ombeni kuona mchoro. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, afisi ya umma ikipata ombi lenu la maandishi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na wakikaa kimya mnaweza kulalamika kwa Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamiko dhidi ya afisi za umma. Andikeni kwa wote kwa pamoja, wa reli, wa barabara, wa kaunti na wa bodi ya jiji, barua ileile, kila mmoja akiona kwamba wengine wamepata. Hiyo inazuia ule mchezo wa kuelekezana. Ulizeni pia ripoti ya tathmini ya mazingira, kwa sababu mradi wa reli lazima upite NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na umma una nafasi ya kutoa maoni. Na ulizeni pesa zinatoka wapi. Ikiwa Benki ya Dunia imo, kanuni zake zinamtambua hata mtu asiye na hati ya ardhi kama riziki yake inaguswa, ila kuna tarehe ya mwisho ya kuhesabiwa. Ndivyo ilivyokuwa Kibera na Mukuru, kando ya reli ya Nairobi, ambako mradi wa kuhamisha watu ulijenga nyumba na vibanda vya biashara. Aliyekuwa kwenye orodha alikuwa kwenye orodha.

Kisha makubaliano yenyewe. Mimi ningeyataka yatiwe sahihi kabla ya sherehe ya ufunguzi. Siku ya utepe kila mkubwa anataka picha, na ndiyo siku ya mwisho ambayo nyote mna kitu cha kupeana. Baada ya hapo mkandarasi anaondoka na funguo za choo hazijulikani ziko kwa nani. Ndani yake muandike afisi moja yenye kauli ya kila siku, yenye mtu aliye na simu na kiti hapo hapo uwanjani. Ushuru unaokusanywa uwanjani, sehemu yake ijulikane inarudi kwenye taa, maji na usafi wa uwanja huo huo, na hesabu ibandikwe ukutani kila mwezi. Hili ndilo watalikataa kwa nguvu zaidi, kwa hivyo lishikilieni. Nafasi iwe ya mtu anayeuza, isirithishwe wala kukodishwa, na ikikaa wazi muda fulani irudi kwenye kamati. Mwenyekiti wa Steji yuko sahihi kabisa hapo, na pia kuhusu njia ya miguu, ambayo ningeitaka iwe na alama iliyojengwa kwenye kabro yenyewe. Rangi hufutika.

Mengine kama sare za vibanda na mabango msipoteze muda nayo.

---

Mwenyekiti wa Steji anajibu:

Ongeza hapo: boda na tuktuk tuwe na kiti kwenye hiyo kamati, na foleni yetu iwe na paa. Mkituweka nje ya makubaliano tutaegesha tunapotaka, na mtatulaumu sisi.

---

Nyarnam anajibu:

Nimesoma yote kwa wenzangu leo jioni tulipokuwa tukifunga, nikatafsiri kwa Dholuo pale palipohitajika. Mama wa ndizi aliuliza swali moja tu: huyo mtu mwenye simu na kiti uwanjani, usiku atakuwepo? Nimeliweka kwenye barua, kwamba zamu ya jioni lazima iwepo hadi matatu ya mwisho iondoke.

Tumekubaliana hivi. Orodha tunaanza kesho, mara mbili kwa siku, alfajiri na saa moja jioni, na watu wa boda wa steji yetu tumewaalika waandike yao kando ya yetu. Meza tupu zinaandikwa kama meza tupu. Barua ya kuomba mchoro itakwenda kwa afisi nne, na tutadai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Suala la taa tumelitia aya ya kwanza, maana hilo ni la leo na halihitaji kungoja stesheni.

Nina ombi moja lililobaki. Kama kuna mtu mwenye nakala ya makubaliano ya aina hii kutoka kaunti yoyote, hata kama ni ya soko au steji ya matatu, aiweke hapa au anitumie ujumbe. Tunataka kuona yalivyoandikwa, hasa kile kifungu cha ushuru kurudi uwanjani.